Nani aliifundisha mashine kuchagua kurasa zetu?

Mwaka jana nilikaa siku tatu Paje, Zanzibar, na mama mmoja anayelima mwani. Alinionyesha matawi yanavyogeuka meupe maji yakipata joto, kisha yanakatika na kubaki kamba tupu. Akanieleza kwa nini husubiri bamvua, maji yanapokupwa sana, ndipo ashuke shambani. Niliyaandika yote kwa Kiswahili nikayaweka mtandaoni. Wiki kadhaa baadaye nikaangalia: mtambo mmoja wa utafutaji ulikuwa umeusoma ukurasa ule, ukaamua kutouingiza kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa unazowaonyesha wanaotafuta. Sababu haikutajwa.

Kuchagua sikupingi. Brin na Page, waanzilishi wa Google, walipoueleza mtambo wao mwaka 1998 walikuwa na kurasa milioni 24. Leo intaneti imejaa nakala za nakala, na hakuna ghala la kuzitosha zote. Lazima mashine ijifunze kukisia ukurasa upi utahitajika. Ninachouliza ni kwamba imejifunza kwa nani.

Mwaka 2011, Google ilipotaka kushusha tovuti hafifu, iliwapa watu kurasa na kuwauliza, kwa mfano, kama wangethubutu kuandika humo namba ya kadi yao ya benki, au kumpa mtoto dawa iliyoelekezwa humo. Majibu yao yakaifundisha mashine. Swali la dawa ni zuri, hata bibi yangu angeliuliza. La kadi linamfaa anayenunua kwa kadi. Yule mama wa Paje angeuliza jingine kabisa: aliyeandika haya amewahi kuingia majini?

Kinachoniuma zaidi ni huku kuzunguka palepale. Mashine hutazama watu walitafuta nini jana ili ikisie watakachotafuta kesho. Nasi tukikosa jibu kwa Kiswahili mara mbili tatu, tunaandika Kiingereza cha kuungaunga. Mashine inahesabu: Kiswahili hakitafutwi. Kurasa zinaachwa nje, na anayekuja nyuma yetu anakosa tena.

Kurasa za Kiswahili zipimwe na wasomaji wa Kiswahili, wa Tanga, wa Lamu, wa Bukavu. Walipwe kwa kazi hiyo, na hukumu zao ndizo ziifundishe mashine.

Juzi nimemsomea yule mama ukurasa wangu kwa simu, aya kwa aya. Amenisahihisha mahali pawili, kwenye kuanika. Nimeurekebisha, na nimeuomba mtambo uje kuusoma upya.