Daktari, usinionee aibu

Juzi kwenye benchi la kliniki dada mmoja aliniinamia akaninong'oneza: "Samahani kaka, hivi ni kweli kuna dawa ya kuweka kwa nyuma?" Ana miaka minne anatibiwa vidonda vya utumbo mpana. Hakuna daktari aliyemtajia. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka, maana yalinikuta hayo hayo.

Kwangu ilianza na choo chenye damu. Nikaambiwa amiba, nikamezeshwa Flagyl mara tatu, hadi kipimo cha kamera kilipoonyesha uvimbe uko kwenye puru tu, ile sehemu ya mwisho ya utumbo karibu na njia ya haja. Nikaandikiwa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ya kumeza. Iliposhindwa, prednisoloni, vidonge vya steroidi. Uso ukaumuka, usingizi ukapotea, na kila dozi ikipunguzwa damu inarudi. Mwaka mzima! Ndipo daktari mwingine, mama wa makamo, akaniuliza akinitazama usoni: "Unaweza kujiwekea dawa usiku kabla ya kulala?" Naweza, nikamjibu. Kumbe ugonjwa ukiwa puruni, mesalazini ya kuweka hapo hapo ndiyo ya kuanza nayo.

Nilimrudia yule wa kwanza kumuuliza. Akasema, "Nilidhani mtu mzima kama wewe hutakubali."

Nani alikwambia? Mimi nimewahi kuchafua suruali ndani ya daladala, watu wakifungua madirisha. Aibu gani ilikuwa imebaki? Kidonge chenyewe hakizidi pingili ya kidole. Unakwenda haja, unanawa, unalala ubavu, nusu dakika imekwisha. Wiki ya nne nilitoka Mbagala hadi Kariakoo bila kushuka njiani kutafuta choo. Nilikaa kituoni nikalia.

Haya, foleni ni ndefu, najua. Na mtu akizidiwa, damu inamwagika na homa juu, alazwe achomwe sindano, mjadala baadaye. Wapo pia watakaoikataa dawa hiyo; waacheni waikatae kwa midomo yao. Na kabla ya infliximabu, ile dawa ya dripu ya kushusha kinga ya mwili, nipimwe TB, nitajiwe na bei kabla sijauza kiwanja.

Yule dada nilimwandikia jina la dawa nyuma ya kadi yake. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na cheti mkononi, akaniuliza kwa sauti, benchi zima linasikia, ni duka gani zinapatikana.