Usipige stata kwanza, tafadhali

Jamani nimeumia. Jumapili jirani yangu hapa Kisauni alileta fundi aje aifufue Peugeot 504 ya marehemu babake, gari imesimama chini ya mwembe tangu 2014, na yule fundi hakuangalia chochote, kafunga betri mpya, kamwaga petroli kwa tangi, akapiga stata. Injini ikagoma. Akapiga tena. Mara ya tatu tukasikia kitu kinakatika ndani, halafu ikazunguka nyepesi ajabu na mimi moyo ukanishuka hapo hapo. Ilipofunguliwa hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ringi za silinda moja, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zimekatika vipande na ukuta wa silinda umechimbika mfereji hadi kucha inaingia.

Hii si gari ya kufanyiwa hivyo. 504 imeshinda Safari Rally 1975 na tena 1978, zingine ziliundwa hapa hapa Mombasa, na wazee wetu wengi safari zao za bara walizipanda hizo.

Mimi nalilia kitu kimoja tu: subira. Hewa yetu ya Pwani ina chumvi, na injini ikilala miaka kuna valvu inabaki wazi, unyevu unapita mpaka ndani, ringi zinashikana na ukuta kwa kutu. Oili yote imeshateremka kwa sampu, bakuli la chini ya injini, kitambo. Sasa stata ina nguvu, haijui kubembeleza, inang'oa tu. Toa plagi zote. Mimina oili nyepesi kidogo kila tundu, mafundi wa zamani huchanganya na dizeli, iache siku tatu, nne, hata wiki. Halafu tia spana kwa nati ya puli ya krenki, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, zungusha kwa mkono, polepole. Ikikataa usilazimishe, ongeza oili, nenda kalale.

Hivyo ndivyo tulivyofanya na ami kwa Datsun 1200 yake. Kila jioni baada ya magharibi tunajaribu, haisogei, tunafunika. Siku ya sita spana ikaenda upana wa kucha tu na ami akanishika mkono, "Basi mwanangu, iache hapo hapo, kesho itakupa zaidi." Na kweli ikatupa. Hiyo gari inabeba nazi mpaka leo.

Mengine mnayajua: petroli ya zamani imwage yote na kabureta uioshe, inageuka gundi. Maji ya breki yanavuta unyevu, kwa hivyo badilisha yote na mipira yake kabla gari haijatoka getini. Tairi soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, wiki na mwaka, usidanganywe na meno.

Haya, fundi naye ana njaa, na mteja asiposikia mngurumo leo hatoi pesa, hilo nakubali. Na kuna gari chesisi imeliwa yote, hiyo ni ya chuma chakavu. Lakini hii ilikuwa nzima! Ilikuwa inahitaji wiki moja tu ya mtu kuitunza!

Jirani aliniuliza jana usiku, sauti imekauka, kama bado kuna tumaini. Lipo, maana laina za 504, yale mabomba ambayo ndiyo ukuta wa silinda, zinachomoka, bloki yenyewe haikuguswa. Jumamosi tunaanza kuzitoa. Betri nimemwambia aibebe akaiweke ndani ya nyumba.