Upande wa Pili wa Ubao

Kwa miaka mingi ya kuishi ughaibuni niliamini kwamba deni langu kwa baba ningelilipa kwa fedha. Aliponieleza kwa simu kwamba anataka kuunda mashua ndogo ya mbao uani kwake, nilimjibu kuwa ningemtumia za kununua boti ya fibaglasi iliyo tayari, isiyooza wala kuliwa na wadudu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ubao, mwanangu, nani atanishikia upande wa pili?" Nilikosa la kusema. Niliomba likizo nikaenda.

Anayedhani swali lile lilikuwa la hisia tu hajawahi kupinda ubao. Ubao wa ubavuni haulali mahali pake kwa hiari. Hupashwa kwa mvuke mpaka ulegee, na tangu utoke kwenye joto kuna dakika chache tu za kuupeleka chomboni, kuubana na kuupigilia misumari kabla haujakakamaa. Mmoja huanza kupigilia kuanzia omo, yaani mbele, na mwenziwe, aliye upande wa tezi, yaani nyuma, huushika mwisho wake akiusokota polepole kufuata umbo la chombo. Akiuachia mapema, hupasuka. Akiuvuta kwa nguvu, hupasuka pia. Kazi hiyo fedha zangu zisingeweza kuifanya.

Huku ninakoishi, jirani yangu na binti yake waliunda mashua yao ndani ya banda la gari. Vipande vya plaiwudi vilikuja vimekwisha kukatwa, pamoja na michoro na maelezo; wao walitoboa matundu kwenye kingo, wakazifunga kwa nyuzi za shaba kama watu washonao, kisha wakaziba maungio kwa gundi na kitambaa cha fibaglasi. Njia hii ilipata umaarufu kwa mashua iitwayo Mirror, yenye urefu wa mita 3.3, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1962 na Jack Holt na Barry Bucknell ili familia isiyo na fundi iweze kujiundia chombo nyumbani. Ninaiheshimu sana njia hiyo. Nilichokiona pale, hata hivyo, ni kwamba baba na binti walikuwa wanafunzi wawili wa karatasi moja. Wakikwama, wote wawili waliirudia karatasi.

Nyumbani hapakuwa na karatasi. Baba alilaza mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, akasimamisha nguzo mbili, hanamu mbele na fashini nyuma, akaanza kupandisha mbao za chini, na mataruma, yaani mbavu za ndani, yakachongwa baadaye kufuata umbo ambalo mbao zenyewe zilikwisha kulitoa. Kipimo chake kilikuwa jicho. Alirudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akasema ubavu wa kushoto umenenepa. Nami sikuona kitu mpaka siku ya nne. Kwa ajili ya mataruma hakukubali kukata umbo la upinde kutoka kwenye ubao ulionyooka, maana hapo nyuzi za mti hukatwa na taruma huvunjika kwenye mkunjo. Tulitafuta matawi yaliyopinda yenyewe, ambayo nyuzi zake zinafuata mkunjo kutoka mwanzo hadi mwisho. Jioni nzima tulizunguka tukitazama miti, yeye akiniuliza, "Pale unaona nini?" Nami, niliyezoea kuulizwa maswali ya ofisini, nilijifunza upya kutazama.

Mwaka 2021 UNESCO iliingiza katika orodha yake ya urithi usioshikika ufundi wa mashua za Nordiki, kaskazini mwa Ulaya, zile ambazo ubao mmoja hulalia ukingo wa mwingine, na ambazo kwa desturi mbao hutangulia, mataruma yakafuata. Niliposoma habari hiyo niliumia moyoni. Ufundi unaofanana sana na wa baba, kule umeitwa urithi, na kwetu tunauita kazi ya asiyemudu fibaglasi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuita hivyo, tena mbele yake, na nimemwomba radhi.

Lakini sitasema kwamba nyumbani kila kitu ni bora. Baba hakuwahi kunieleza sababu ya jambo lolote; nilipokosea alininyang'anya tezo akafanya mwenyewe, na hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye. Maarifa ya namna hiyo huzikwa pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo nilichukua tabia niliyoiona kwa jirani yangu, nikapima kila taruma na kulichora kwenye daftari. Mwanzoni alichukia, akaona nataka kumkagua. Baada ya wiki moja alikuwa akiomba penseli na kusahihisha michoro yangu, na kila alipoisahihisha ilimlazimu kunieleza kwa nini. Daftari hilo nimelileta huku, nami nalithamini kuliko mshahara wowote niliowahi kulipwa.

Mwishoni tulikalafati, tukishindilia pamba kati ya mbao kwa patasi butu, tukaishusha mashua majini jioni. Maji yakaanza kuingia. Kwa jirani yangu tone moja lingekuwa dalili ya kosa, nami nilirukia kopo nianze kuyafua. Baba alinizuia mkono. "Acha inywe," alisema, maana mbao kavu zikishiba maji huvimba, zikaibana pamba, na nyufa zikajifunga zenyewe. Nilikwaruza alama kwa msumari pale maji yalipofika, tukakesha ufukweni. Usiku maji yaliipita alama ile kwa upana wa vidole viwili, nikakwaruza nyingine. Kulipopambazuka alama ya pili ilikuwa palepale usoni pa maji, na ndipo baba aliponipa kopo.