Confucius aliwatazama wanafunzi usoni, mtihani hautazami

Wanafunzi wawili wa Confucius, mwalimu na mwanafalsafa wa China ya kale, walimwuliza swali lilelile: nikisikia jambo jema, nilitende papo hapo? Zilu aliambiwa angoje, maana baba na kaka zake wangali hai, awaulize kwanza. Ran You aliambiwa alitende mara moja. Gongxi Hua, aliyesikia majibu yote mawili, akachanganyikiwa na kuuliza sababu. Mwalimu akamweleza: Ran You ni mzito wa kuthubutu, ndiyo maana nilimsukuma, Zilu ana pupa ya watu wawili, ndiyo maana nilimvuta nyuma.

Kisa hicho kimo katika Lunyu, mkusanyo wa maneno yake ulioandikwa na wafuasi baada ya kifo chake mwaka 479 KK. Nakileta kwa sababu wengi humwona Confucius kama baba wa kukariri na mitihani ya China. Yeye hakuacha mtihani wowote. Mitihani ya kuwapata maofisa wa dola ilianza zaidi ya miaka elfu moja baadaye, enzi za nasaba ya Sui, ikafutwa 1905. Ila vitabu vilivyotahiniwa vilikuwa vya mapokeo yake, na hapo ndipo jina lake liliponasa.

Wanaoitetea mitihani hiyo wana hoja nzito. Enzi za nasaba ya Song, iliyokuja baadaye, jina la mtahiniwa lilifunikwa kwa karatasi, kisha makarani wakanakili insha nzima upya, ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Mwana wa mkulima akapimwa kwa mizani ya mwana wa mkubwa (wanawake hawakuruhusiwa kabisa). Hilo halipingani na Confucius, aliyesema elimu haibagui watu, na kwamba aliyemletea japo fungu la nyama kavu hakumnyima somo. Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu uliorudishwa 1977, umesimama juu ya imani hiyohiyo, na mwaka 2024 waliojiandikisha walipita milioni 13. Mzazi wa kijijini anauona kama mlango usiohitaji kuwa na mjomba mjini.

Lakini haki hiyo hupatikana kwa kumficha mtoto. Zilu na Ran You wangefanya mtihani wa leo, wangetakiwa jibu moja. Tabia hiyo ikihamia darasani, mwalimu naye anaacha kuwatazama, anafundisha karatasi.

Confucius mwenyewe hana usafi wote. Alijiita mpokezaji, si mtunzi, na heshima yake kwa wakale imetumika kuwanyamazisha vijana. Hata hivyo Gongxi Hua alihoji na hakukemewa. Na ni yeye Confucius aliyesema kujifunza bila kufikiri ni kazi bure.

Mwaka 2021 serikali ya China ilipiga marufuku tuisheni ya kibiashara katika masomo makuu ya elimu ya lazima. Gaokao ikabaki palepale, na wazazi wenye uwezo wakawaita walimu nyumbani kimyakimya. Siwalaumu; kinachoamua maisha ya mtoto ndicho watakachokilipia.

Kwa maoni yangu, mtihani unaoficha jina ubaki mlangoni mwa chuo kikuu, lakini usiruhusiwe kutawala miaka yote iliyoutangulia. Fedha za kwanza ziende kupunguza idadi ya watoto darasani. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini, hata awe na moyo kiasi gani, hana muda wa kujua nani asukumwe na nani avutwe nyuma.