Majina ya tovuti zetu yajibiwe hapa nyumbani

Mtu aliyeko Mbarara akiandika jina la tovuti linaloishia kwa .ac.ug, kompyuta yake haina pa kwenda mpaka ipate anwani ya tarakimu ya seva inayohusika. Huanza kwa kutazama faili dogo la hosts lililomo ndani yake, lenye orodha ya majina na anwani zake, pamoja na majibu iliyoyahifadhi karibuni. Isipopata kitu, huiuliza seva ya kutafuta anwani za majina, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni inayotuuzia intaneti. Seva hiyo nayo ikiwa haina jibu, huziendea seva za mzizi, zilizo juu kabisa ya mfumo wa majina, zinazoielekeza kwa seva za .ug, nazo huielekeza kwa seva za jina lenyewe, ambazo ndizo zenye neno la mwisho.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani anwani zote ziliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California, na kila kompyuta ya mtandao wa wakati huo, ARPANET, ilinakili kutoka huko. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa (DNS) tunaoutumia hadi leo, ambao kiini chake ni kwamba kila mwenye jina awajibike kulijibia. Kwa maoni yangu, wajibu huo ndio tunaoupuuza Uganda tunapoweka seva ya tovuti Kampala huku seva za jina lake zikiwa zote ng'ambo.

Kila jibu hupewa muda wa kuhifadhiwa, unaohesabiwa kwa sekunde: wengine huweka 86400, yaani siku nzima, na wengine 300 tu. Muda huo ukiisha, sharti jina liulizwe upya. Nchi yetu haina pwani, na sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na ulimwengu hupitia nyaya za baharini zinazofika Mombasa na Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Njia zote za nje zikizibwa, tovuti iliyoko Kampala lakini yenye seva za jina ng'ambo inaweza kupotea baada ya dakika 5, ikiwa muda wa majibu yake ni sekunde 300, ingawa seva yake inawaka na njia ya kuifikia kupitia kituo cha kubadilishana data cha UIXP, kilichopo Kampala tangu 2001, ni nzima kabisa. Mtumiaji atasema intaneti imekatika, na fundi asiyejaribu kufungua anwani ya tarakimu atakubaliana naye.

Sisemi seva zote za majina zirudishwe nyumbani, kwa maana umeme wetu tunaujua, na mwongozo wa kiufundi wa 1997 unashauri zitawanywe mbali mbali. Naomba angalau moja iwe nchini. Kazi yake ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta ya kawaida huimudu. Mafundi nao waache kuandika 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google ya kutafuta majina, kila mahali bila kufikiri, kwa sababu swali likilazimika kuvuka mpaka, seva ya jina iliyoko Kampala haitaokoa kitu. Taasisi za umma zingeweza kuanza na mikataba yao ya tovuti, ambamo mzabuni atakiwe kueleza kwa maandishi seva za majina zitakaa wapi na majibu yake yatahifadhiwa kwa muda gani.