Bushi ya jinzi: unataka kipi kife kwanza?

Juni mwaka jana, magunzi yakiwa yamejaa uani, mashine ya kupukuchulia mahindi ya jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, ilianza kupiga kelele. Bushi ya shaba ya upande mmoja, yaani kibomba ambamo shafti (mhimili wa mashine) huzunguka, ilikuwa imeliwa, imebaki nyembamba kama ganda la yai. Mpya ilibidi ikerezwe, na kila mkerezaji wa Mwanjelwa alikuwa na foleni. Fundi mmoja anayeziba bampa za magari kwa faiba akamwambia, "Bosi, niletee suruali ya jinzi iliyochakaa, na hiyo shafti yenyewe."

Akaipaka shafti nta ili rezini, ile gundi ya maji ya kazi ya faiba, isigande juu yake. Akakata jinzi vipande virefu, akavilowesha, akavizungusha kimoja juu ya kingine, kila tabaka akiliminya kwa kidole gumba kutoa hewa. Mwisho akafunga kwa tyubu ya baiskeli iliyochanwa kama utepe, akavuta mpaka rezini ikachuruzika pembeni. Asubuhi yake bado ilikuwa inanata. Juni ya Uyole si Juni ya Dar. Ikawekwa juani juu ya bati, na saa tisa alasiri ilikuwa inalia kama jiwe ukiigonga.

Tangu siku hiyo nimekaa kwenye mabishano mengi ya mafundi kuhusu vipuri vya namna hii. Wapo wanaosema tumepata mkombozi, na wapo wasiotaka hata kuisikia: chuma ni chuma, kitambaa ni nguo. Naona wote wanagombania swali lisilo lenyewe, yaani nguvu. Kwa nguvu chuma kinashinda, hilo halina ubishi. Ila mashine haifi kwa sababu kila kipuri ni dhaifu. Hufa pale kipuri kimoja kinapokosea namna ya kufa, yaani kinapokufa kwa kuharibu vingine au kuumiza mtu.

Tuwape kwanza haki yao wanaoisifu, maana jambo lenyewe si la kubahatisha. Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alitengeneza Bakelite mwaka 1907, na haikupita miaka mingi viwanda vikawa vinashindilia karatasi na vitambaa vya pamba ndani ya rezini ya aina hiyo. Formica, hii tunayoijua juu ya meza za mgahawa, ilianza mwaka 1913 kama kihami cha umeme badala ya madini ya maika. Jina lenyewe linatoka hapo: "for mica", yaani badala ya maika. Gia za kitambaa na rezini ziliendesha kamshafti za magari, mihimili inayofungua vali za injini, hata Volvo za injini ya B18 za miaka ya 1960. Zilipendwa kwa sababu zikikutana na gia ya chuma hazipigi kelele. Na kwenye viwanda vya kuviringisha chuma, beringi za kitambaa na rezini zimefanya kazi zikilainishwa kwa maji matupu.

Hapo kwenye maji ndipo mimi huwa upande wao kabisa. Njombe na Ludewa kuna watu wanaojitengenezea umeme kwa maporomoko madogo, na bushi inayokaa majini haina haja ya grisi inayosombwa kila siku. Kitambaa hunywa maji kidogo na kuvimba, kwa hiyo lazima uache nafasi kubwa zaidi kuzunguka shafti kuliko ungeacha kwa shaba. Anayekaza kama shaba atakuta shafti imeng'ang'aniwa wiki ya pili.

Sasa upande wa pili. Bamba la kiwandani la kitambaa na rezini hubanwa kwa zaidi ya kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, kwenye joto linalozidi nyuzi 120. Sisi tuna jiliwa, tyubu ya baiskeli na jua. Kwa hiyo anayekuonyesha gia ya kiwandani kama ushahidi kwamba yake ya jinzi itadumu anakuuzia jina tu. Ndani ya kazi ya mkono kuna mapovu, na huwezi kuyaona.

Joto nalo. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko kitambaa na rezini. Bushi ya shaba ikisuguliwa, joto linakimbilia kwenye bodi ya mashine. Ya jinzi inalibakiza pale pale, na rezini nyingi za kuganda zenyewe huanza kulegea kwenye nyuzi 60 au 70 hivi. Shafti inayozunguka taratibu na kupumzika haifiki huko. Ya kinu cha kusaga kinachofanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni itafika kabla ya chakula cha mchana.

Halafu kuna matabaka yenyewe. Chapati nzuri huiwezi kwa kuivuta, lakini ukiichokonoa pembeni inaachana tabaka kwa tabaka. Ndivyo ilivyo hii. Ukitoboa tundu la bolti kwenye ukingo, sambamba na matabaka, unaipasua mwenyewe. Ndiyo maana bushi iliyoviringishwa huvumilia kuliko gia iliyokatwa vibaya.

Kuhusu puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda, wapingaji wana haki lakini hoja yao si sahihi. Wanasema puli ya kitambaa itapasuka kwa sababu ni dhaifu. Lakini kinachopasua puli ni uzito wake yenyewe ukivutwa kwenda nje, na bamba hili lina uzito wa karibu moja ya tano ya chuma kwa ujazo ule ule. Hatari iko kwenye yale mapovu, na kwenye upande mmoja kuwa mzito kuliko mwingine. Mota ya kawaida huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, na ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kupasua huongezeka mara nne. Kipuri ambacho huwezi kukiona ndani usikisimamishe usawa wa uso wa mtoto anayemimina mahindi. Hapo siwezi kubembelezwa.

Wala popote ambapo unga au nafaka inapita. Rezini isiyoiva vizuri si ya kuliwa na sembe.

Baridi yetu ina mtego wake pia. Fundi akiona haigandi, mkono unakwenda kwenye chupa ya hadina, dawa ya kugandisha rezini. Kwa rezini ya bampa, hadina ikizidi, kazi inachemka na kupasuka. Kwa epoksi, aina nyingine ya rezini yenye kipimo maalumu, kuzidisha kunaiharibu moja kwa moja, itabaki laini maisha yake yote. Kinachohitajika ni joto na subira, si hadina. Wengine huipeleka jikoni karibu na mkaa, wakati mvuke wa rezini unashika moto. Na hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Miwani ni bei ya soda kadhaa.

Msimu ulipoisha tuliifungua mashine ya jirani. Bushi ilikuwa imelika upande wa chini, nyuzi za bluu zinaonekana, lakini shafti ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo wa kushika kucha. Ya upande wa pili, ya shaba, ilikuwa imeanza kuchora mfereji kwenye shafti. Fundi alicheka tu. Ila tulipoisafisha ile ya jinzi tukakuta mchanga umezama ndani ya kitambaa, na mwaka mmoja zaidi mchanga huo ungekuwa msasa unaoitafuna shafti hiyo hiyo. Jirani amekata nyingine mbili kutoka mguu wa pili wa suruali, amezitundika msumarini karibu na mashine, na amekubali kubadilisha moja kila baada ya mavuno.