Mwenye nyumba akisema "bado": umpigie tena au umwache?

Waulize wanaonunua nyumba Dar es Salaam ili wazipangishe au waziuze tena: mwenye nyumba akikujibu "bado sijaamua", unafanyaje? Wako watakaokwambia piga simu mpaka aiachie. Wengine watasema kaa kimya, shida ikimbana atakutafuta mwenyewe.

Wa kwanza wana hoja. Ni nadra mtu kuuza wiki ileile aliyoulizwa. Anauza ada za shule zikimshinda Januari, au notisi ya benki ya siku 60 ya kudai mkopo ikishafika mlangoni. Siku hiyo anayekumbukwa ni aliyepiga karibuni, si aliyepita mwaka jana akaacha namba kwenye kipande cha karatasi.

Ila simu zina gharama, na si ya vocha. Piga mara tatu kwa wiki bila jambo jipya, mzee atajua umeipenda; nyumba ya milioni 120 itaanza kuitwa ya milioni 140. Kibaya zaidi ni kutuma madalali watatu kwenye nyumba moja. Mnunuzi ni wewe peke yako, yeye anahesabu watatu.

Kwa maoni yangu, ufuatilie karatasi, bei iache ikae. Chukua nyumba ya urithi. Mtoto mkubwa anaweza kukubali bei leo, lakini kama mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hana mamlaka ya kuuza, na kumbana yeye ni kujitafutia kesi na ndugu zake. Kama shauri liko Mahakama ya Mwanzo, ujumbe mmoja kwa mwezi unatosha: "Habari za nyumbani, kaka. Ile Fomu Na. 4 ya usimamizi imeshatoka?" Fomu hiyo ndiyo hati ya mahakama ya kumteua msimamizi. Swali hilo halipandishi bei, na jibu lake litakuonyesha kama unasubiri miezi au miaka. Kishika uchumba, yaani malipo yako ya awali, kibaki mfukoni mpaka hapo, hata ukitishwa kwamba kuna mteja mwingine.

"Bado" inayojirudia bila sababu nayo ina mwenyewe, na mara nyingi ni mtu ambaye hujawahi kuongea naye. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, kwa hiyo simu kumi kwa mume ni bure kama mama mwenye nyumba hajaulizwa. Katika daftari, pembeni ya tarehe na bei aliyotaja, andika nani anaamua.

Mwenye notisi ya benki ndiye pekee ninayeona anastahili simu ya kila wiki, maana siku zake zinahesabika. Mwombe barua ya benki yenye salio la mkopo. Mkikubaliana, kiasi hicho kilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo ili benki iachie hati, na yeye umpe kinachobaki. Ukimkabidhi fedha yote mkononi, hati inaweza kubaki benki na deni lake palepale.